Usione Vyaelea: Picha za Angani na Majina ya Ardhi katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa



1. Utangulizi

Kiswahili kina methali mbili kuhusu kuona ambazo zikiwekwa pamoja huonekana kupingana. Ya kwanza husema: Mwenye macho haambiwi tazama. Ya pili huonya: Usione vyaelea, vimeundwa. Methali ya kwanza huliamini jicho. Ya pili hulishuku, kwa kuwa jicho huona chombo kikielea majini na kumsahau fundi aliyekiunda. Mhadhara huu unahusu ardhi ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kama inavyoonekana katika picha zinazopigwa kutoka angani. Hoja yake kuu ni kwamba katika kuisoma ardhi hiyo, methali ya pili ndiyo yenye kushika.

Picha ya angani haina maneno. Inapowekwa mezani ili igeuzwe kuwa ramani, lazima mtu aandike juu yake: hapa shamba, hapa malisho, hapa pori. Watu wengi huichukulia kazi hiyo kuwa ya mpimaji peke yake. Mhadhara huu unadai kuwa ni kazi ya lugha kwanza, na kwamba neno linaloandikwa juu ya picha huamua ni jasho la nani litakalohesabiwa kuwa kazi, na la nani litakaloachwa liitwe utupu.

Ni vema kubainisha mapema kuwa Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, Kyerwa ilipomegwa na kuwa wilaya inayojitegemea. Kwa hiyo pale panapozungumziwa mambo ya kabla ya mwaka huo, jina Karagwe linajumuisha pande zote mbili.

2. Mandhari iliyoundwa

Anayeruka juu ya Karagwe huona safu za vilima virefu, na kati yake mabonde ambayo mengi yamejaa maji na mafunjo. Upande wa magharibi na kaskazini Mto Kagera huzunguka ukiitenganisha Tanzania na Rwanda, kisha na Uganda. Katika maeneo yanayokaliwa rangi mbili hutawala: kijani kilichoiva, kilichokaa kwa madoa madoa, na kijani kilichofifia ambacho wakati wa kiangazi hugeuka kuwa rangi ya majani makavu. Madoa yaliyoiva ni migomba iliyochanganywa na mibuni, maharage na miti ya kivuli. Kijani kilichofifia ni nyasi.

Mtazamaji asiyeambiwa kitu atadhani kuwa migomba imeota mahali penye rutuba na nyasi zimebaki mahali pasipo na rutuba. Kwa kiasi kikubwa mambo yalikwenda kinyume na hivyo: rutuba ilibebwa ikapelekwa. Kwa vizazi vingi ng'ombe walichungwa nyasini mchana na kurudishwa nyumbani jioni, na samadi yao ikawekwa kwenye mashina ya migomba. Nyasi zilikatwa na kutandazwa chini ya migomba ili zihifadhi unyevu na kuozea udongoni. Nyasi nyingine ziliezeka nyumba au kutandikwa sakafuni, na zilipochakaa zikaishia shambani vilevile. Majivu na maganda ya jikoni yakafuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo doa la migomba na uwanda wa nyasi unaolizunguka ni sehemu mbili za mfumo mmoja: sehemu moja hulisha na nyingine hulishwa. Udongo mweusi unaosifiwa chini ya mgomba umeundwa kwa mikono, kama jahazi linavyoundwa.

Hata vichaka vina historia. Sotoka ilipoenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliangamiza mifugo kwa wingi, na Karagwe, iliyokuwa dola ya wafugaji, haikusalimika. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu ikolojia na historia ya uchumi wa Afrika Mashariki, alieleza kuwa kudhoofika kwa watu na mifugo katika kipindi hicho kulifungua mlango wa vichaka na mbung'o katika maeneo yaliyokuwa yamedhibitiwa na binadamu. Kwa mantiki hiyo, pori ambalo mpimaji wa karne ya 20 alilikuta na kulidhania kuwa la tangu na tangu lingeweza kuwa na umri mdogo kuliko wazee wa kijiji cha jirani.

Katika karne ya 20, hasa nusu yake ya pili, mabadiliko yaliongeza kasi. Watu walihamia Karagwe kutoka Bukoba, Uganda, Rwanda na Burundi. Machimbo ya bati ya Kyerwa, yaliyoanza kufanyiwa kazi enzi za utawala wa Waingereza, yaliacha mashimo vilimani. Mashamba ya mikaratusi yalichora kingo zilizonyooka mahali palipokuwa na mistari ya kupindapinda tu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa mamia ya maelfu, na mahitaji yao ya kuni na miti ya kujengea yakavua maeneo ya jirani miti yake, hadi waliporejeshwa kwao mwezi Desemba 1996. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu zaidi ya watu 420,000 katika Karagwe ya wakati ule. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watu 320,000 katika kila moja ya wilaya mbili zilizotokana nayo. Yote hayo yameandikwa juu ya ardhi, lakini hakuna hata moja lililoandikwa kwa herufi.

3. Jicho la juu na vipimo vyake

Wageni waliitazama Karagwe kutoka juu kabla ya ndege kuwapo. John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Kutoka vilimani waliliona ziwa dogo karibu na makao ya mfalme huyo, wakalipa jina la Windermere Ndogo kwa kulifananisha na ziwa la Uingereza. Ziwa lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na lugha. Hata hivyo, jina lililochapishwa London ni lile lililotoka katika kumbukumbu ya mgeni. Hiyo ni kanuni ya kale ya kutazama kutoka juu: mtazamaji asiyeuliza hujaza pengo kwa maneno aliyokuja nayo.

Utaalamu wa picha za ndege uliingia kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili, Idara ya Upimaji wa Makoloni ilipoundwa London mwaka 1946. Ndege huruka kwa mistari iliyonyooka, na kamera hupiga wima kuelekea chini. Kwa kawaida kila picha hurudia takriban asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia, na kila mstari hurudia takriban asilimia 30 ya mstari wa jirani. Picha mbili zinazofuatana zikitazamwa pamoja kwa kifaa maalumu, vilima huinuka na mabonde huzama mbele ya macho. Picha za namna hiyo ndizo zilizozaa karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000 ambazo vizazi vya wanafunzi wa jiografia nchini vimezisoma.

Ni muhimu kukipima kile ambacho jicho hilo liliweza kuona. Kamera yenye lenzi ya milimita 152, ikipiga kutoka mita 6,080 juu ya ardhi, hutoa picha ya kipimo cha 1:40,000. Katika picha hiyo, shamba la migomba la nusu hekta, lenye upande wa takriban mita 70, huwa na upana usiofika milimita mbili. Maisha yote ya kaya moja, pamoja na nyumba, migomba, mibuni na makaburi ya wazee, hufunikwa na kichwa cha njiti ya kiberiti.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa mwaka 1972, kila nukta ya picha yake iliwakilisha eneo lenye upande wa karibu mita 80. Shamba hilo hilo halikutosha kujaza nukta moja, bali lilichanganywa na nyasi za jirani likatoa rangi ambayo si ya migomba wala ya nyasi. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zina nukta za mita 10, na shamba lile sasa hupata nukta kama 49. Droni, ambazo wengine huziita ndege nyuki, huweza kuonyesha mgomba mmoja mmoja. Tanzania ina mfano mzuri wa matumizi yake: mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar ulioanza mwaka 2016, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kurusha vyombo hivyo juu ya Unguja na Pemba.

Hata hivyo, ukali wa jicho haujaondoa haja ya kuuliza. Mfano wa kukumbukwa ni wa mwanaanthropolojia Priscilla Reining, aliyetafiti umiliki wa ardhi miongoni mwa Wahaya katika miaka ya 1950, kisha katika miaka ya 1970 akawa miongoni mwa wanaanthropolojia wa kwanza kutumia picha za setilaiti. Mpangilio wa safari yake ya kitaaluma una funzo: alikaa kwanza na watu akajifunza wanavyoigawa ardhi yao, ndipo akaitazama dunia kutoka juu.

4. Neno na mahali

Maneno yanayotumika kugawa ardhi hiyo ni yapi? Wilaya hizi ni makao ya Wanyambo, ambao lugha yao huitwa Kinyambo, au Runyambo kama wenyewe wasemavyo. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Runyambo ni E21 na jirani yake Ruhaya ni E22. Profesa Josephat Rugemalira alichapisha msamiati wa Runyambo mwaka 2002 na sarufi yake mwaka 2005 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msingi wa kazi, kwa hiyo, umekwisha kuwekwa.

Maandishi ya kilimo kuhusu Kagera, hasa upande wa Wahaya, hutaja aina kadhaa za ardhi. Kibanja ni shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Kikamba ni ardhi ya pembeni inayolimwa mazao ya msimu, mara nyingi kibanja kilichochoka. Rweya ni uwanda wa nyasi. Ndani ya rweya kuna omusiri, yaani kishamba cha muda, ambacho kwa desturi hulimwa na wanawake kwa njugu mawe na mazao mengine, kisha huachwa nyasi zirudi. Kwa jicho la angani, omusiri ni mkwaruzo mdogo katika nyasi, na mwaka unaofuata haupo pale ulipokuwa. Mpimaji anaweza kuuona kama dosari ya picha, ilhali kwa mwanamke aliyeulima ni chakula cha watoto.

Neno kibanja linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Umbo lake kamili, ekibanja, lina irabu tangulizi e-, kiambishi cha ngeli -ki- na mzizi -banja. Kiswahili kinao mzizi huo huo katika maneno kiwanja na uwanja. Uhusiano huo unathibitishwa na ulinganifu wa sauti: mahali ambapo Ruhaya na Runyambo zina b, mara nyingi Kiswahili kina w au hakina konsonanti kabisa. Abantu ni watu, na okubona ni kuona. Wanaisimu wameunda upya mzizi wa Mame-Bantu *-banja, wenye maana ya mahali palipo wazi mbele ya makazi.

Kutokana na mzizi huo mmoja, historia imetoa maana tofauti. Kiswahili kimebaki na uwazi: uwanja wa mpira, uwanja wa ndege. Kagera imehama kutoka uwazi hadi kile kilichopandwa penye uwazi, yaani nyumba na migomba yake. Buganda, baada ya Mkataba wa mwaka 1900 uliozaa ardhi ya mailo, neno hilo likawa jina la haki ya mpangaji juu ya ardhi ya bwana. Kiswahili cha mijini nacho kimefika huko kwa njia nyingine, kwani anayesema amenunua kiwanja hazungumzii uwazi bali haki yenye namba na hati. Kote huko, mahali palipofyekwa na mkono wa mtu paligeuka kuwa dai la mtu. Hakuna picha inayoweza kuonyesha safari hiyo ya maana.

Majina ya mahali nayo huhifadhi kile ambacho picha ya leo haina. Omurushaka ni mji wa biashara wenye pilikapilika katika wilaya ya Karagwe. Jina lake lina kiambishi cha mahali omu-, chenye maana ya ndani ya, na umbo rushaka, ambalo katika lugha za ukanda huo huhusishwa na kichaka. Droni inayoruka juu ya mji huo leo itaonyesha mabati na magari. Jina peke yake ndilo linalokumbuka kichaka.

5. Gharama ya neno tupu

Mpaka hapa inaweza kudhaniwa kuwa suala hili ni la wapenzi wa maneno tu. Sivyo. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilitunga sheria mbili za ardhi. Sheria ya Ardhi, Na. 4, ilipofasili ardhi ya jumla, ilijumuisha ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, haikuyaweka maneno hayo katika fasili yake. Badala yake, katika kueleza ardhi ya kijiji ni ipi, ilitambua pia ardhi iliyopumzishwa, malisho na njia za kupitishia mifugo kuwa ni matumizi. Sheria mbili za mwaka mmoja zilitofautiana juu ya kitenzi kimoja: kutumia.

Sasa picha ya angani iwekwe kati ya sheria hizo mbili. Rweya inaonekana wazi, haina nyumba wala mazao. Mchoraji akiandika juu yake pori au ardhi tupu, ameisogeza kwenye maneno ya sheria ya kwanza, na kijiji kinaweza kujikuta kikidaiwa ardhi inayolisha migomba yake. Akiandika malisho na nyasi za kutandaza, ameiweka chini ya ulinzi wa sheria ya pili. Picha ni ile ile, na ndege haikuhitaji kurudi angani. Kilichobadilika ni neno.

Historia ya nchi ina onyo kubwa kuhusu jambo hili, ingawa halikutokea Kagera. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield uliizunguka Tanganyika kutafuta ardhi ya mradi wa karanga, na sehemu kubwa ya ukaguzi ikafanywa kwa ndege. Kutoka juu, Kongwa ilionekana tambarare na yenye nafasi tele. Chini kulikuwa na vichaka vyenye mizizi iliyovunja mashine, udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua ambayo wenyeji wangeweza kueleza tabia yake. Mwaka 1951 mradi ulisitishwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Walioonekana kutoka angani kuwa wachache wangekuwa walimu wazuri, lakini asiyekuwapo na lake halipo.

Mfano wa karibu zaidi uko ndani ya wilaya zenyewe. Maeneo ya Ibanda na Rumanyika kwa miaka mingi yaliitwa mapori ya akiba. Mwaka 2019 yalipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa na Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Picha ya siku iliyotangulia tangazo na picha ya siku iliyofuata haziwezi kutofautishwa, lakini mchungaji aliyesimama mpakani aliijua tofauti. Neno pori liliondoka, neno hifadhi likaingia, na pamoja nalo zikaja kanuni mpya za nani aingie, kwa kibali gani, na akatwe faini gani.

6. Majina nayo yashukiwe

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kuwa picha hudanganya na neno la wenyeji husema kweli daima. Nyarubanja ni neno la wenyeji, lenye mzizi ule ule -banja, nalo lilitaja mfumo wa umwinyi ambamo wakulima wa Buhaya na Karagwe waliwalipa mabwana kwa ardhi waliyoilima wenyewe. Serikali ilianza kuuvunja mfumo huo kwa sheria ya mwaka 1965. Kibanja nacho, pamoja na uzuri wake, kwa muda mrefu kilirithiwa kwa misingi ya ukoo iliyomweka mwanamke pembeni. Ilikuwa mwaka 1990 ndipo Mahakama Kuu, Mwanza, ilipoamua kuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo alikuwa na haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Neno lilikuwa limeificha dhuluma hiyo kama vile nyasi zinavyoificha njia.

Kwa sababu hiyo, kukusanya majina ya ardhi si kuyatukuza. Ni kuyaleta mezani ili yahojiwe pamoja na picha. Picha humuuliza mzee: mbona mstari huu umenyooka? Jina humuuliza mpimaji: mbona hapa umepaita patupu? Kila shahidi humsahihisha mwenzake.

7. Hitimisho

Vijiji vya Karagwe na Kyerwa, kama vijiji vingine vya Tanzania, hutakiwa kuwa na mipango ya matumizi bora ya ardhi, na mipango hiyo huchorwa kwa msaada wa picha za angani. Ufunguo wa ramani, yaani ile orodha ndogo pembeni inayoeleza rangi, ndio mahali ambapo isimu na haki hukutana. Ufunguo wenye maneno matatu, shamba, malisho na msitu, hauna mahali pa kukiweka kikamba wala omusiri. Kiswahili hakipungukiwi chochote kikikopa maneno hayo. Kimekopa kutoka pwani za mbali, hakishindwi kukopa kutoka kwa ndugu zake wa Kibantu.

Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa Kiswahili na wa lugha za Tanzania ni ya wazi. Picha ichapishwe kwa ukubwa unaosomeka, ipelekwe kijijini, itandazwe chini, na wanaume kwa wanawake, kila kundi kwa zamu yake, waulizwe pale panaitwaje, na kwa nini. Majibu yaandikwe katika lugha yalimotamkwa, pamoja na irabu tangulizi zake na toni zake, kisha yafasiliwe kwa Kiswahili. Picha zinaweza kusubiri, kwa kuwa setilaiti itapita tena baada ya siku chache. Bibi anayejua omusiri wake ulikuwa wapi mwaka wa njaa hatapita tena.

Mwenye macho, basi, na aambiwe tazama. Kisha aambiwe pia ni nani aliyeunda.